Siku Kumi na Moja za Mama Brashi

Watu hufuga kitu wakitegemea kukila, kukikamua au kukiuza. Mama Brashi alifuga vidukari. Alifuga vidukari miaka thelathini na sita, akalipwa mshahara wa serikali kwa kazi hiyo, na mumewe hakuchoka kumtania. "Mke wangu ana mifugo maelfu kwa maelfu," alikuwa akiwaambia wageni, "lakini tangu nimuoe sijaonja hata mchuzi wake." Wageni walicheka. Mama Brashi mwenyewe aliacha kucheka mwaka wa tatu wa ndoa, ila hakumkataza. Mwanamume aliyestaafu ukimnyang'anya utani wake mmoja, umemwachia nini?

Kidukari, kwa asiyemjua, ni mdudu mdogo mithili ya punje ya ufuta, laini, wa kijani, anayejibanza chini ya jani na kufyonza utomvu wake. Peke yake si wa kutishia mtu. Tatizo ni mzigo anaoubeba. Akifyonza ngano yenye virusi vya umanjano, virusi humwingia mwilini na kukaa naye mpaka afe, na kila ngano atakayoifyonza baada ya hapo huipa sehemu yake. Ngano hiyo hugeuka njano, hudumaa, na masuke hutoka mepesi kama makapi. Mkulima akiliona shamba lake limepauka husema ni jua, au mbolea mbovu, au jicho la jirani. Jirani wa watu, masikini, hata hajui kinachoendelea.

Kituo cha utafiti alikofanya kazi kilikuwa nje kidogo ya mji, mwisho wa barabara ya lami. Kilikuwa na majengo ya ofisi yenye rangi iliyobanduka, maabara moja ndefu, na nyuma kabisa nyumba mbili za vioo zilizotenganishwa na uchochoro wa zege. Katika nyumba ya kwanza walikaa vidukari wasio na virusi, na kila mtu kituoni aliiita Kwa Wazima. Katika ya pili walikaa wenye virusi, pakaitwa Kwa Wagonjwa. Asubuhi Mama Brashi alivaa koti jeupe akaingia Kwa Wazima. Mchana alivaa la bluu akaingia Kwa Wagonjwa. Kutoka kwa wagonjwa kurudi kwa wazima siku hiyohiyo ilikuwa mwiko, hata kama umesahau miwani yako kule. Mkurugenzi mmoja wa zamani aliwahi kujaribu, akazuiwa mlangoni kwa mkono wa mwanamke mfupi aliyeshika brashi.

Brashi ndiyo iliyompa jina. Ilikuwa ile ndogo kabisa ya kuchorea picha, yenye nywele chache zilizokutana zikawa ncha. Kwa hiyo aliwahamisha vidukari mmoja mmoja, jani hadi jani. Vijana waliokuja kujifunza waliwanyanyua kwa pupa na wadudu wakafa, kwa sababu kidukari akiwa anakula, mrija wake umezama ndani ya jani, na ukimvuta ghafla unakatika. "Piga hodi kwanza," Mama Brashi aliwaambia. Alimgusa mdudu mgongoni kwa ncha ya brashi, mara moja, mara mbili, akangoja auchomoe mrija wake kwa hiari, ndipo akambeba. Wenye shahada tatu walihitaji wiki mbili kujifunza kupiga hodi. Wengine hawakujifunza kabisa, wakaenda kuwa wakuu wa idara.

Jambo jingine alilolijua kuliko wote lilihusu uzazi. Kidukari jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na huzaa kila siku. Na mama awe amejaa virusi kiasi gani, mtoto wake huzaliwa safi. Ugonjwa haurithiwi, hupatikana mezani. Kwa hiyo ukitaka kizazi kisicho na doa, mnyemelee mama anapozaa, mchukue mtoto kabla hajauma jani, mweke kwenye mmea mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza aliyofundishwa akiwa msichana, na mkono wake uliifanya hata akili ikiwa sokoni.

Mkuu wake wa kazi miaka hiyo ya mwisho alikuwa mtafiti wa kike, rika la binti yake mkubwa, ambaye wote walimwita Daktari. Daktari alimwita yeye "mama", na hakumwita hivyo kwa adabu tu. Siku alizokwama alikwenda kukaa Kwa Wazima juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaitazama ile brashi ikienda na kurudi, akatulia. Alikuwa na mbegu moja ya ngano aliyoihangaikia miaka sita. Mbegu hiyo haikuwa na jina bado. Iliitwa Namba Kumi na Saba, na Daktari aliamini kwamba haiugui umanjano.

Imani haitoshi katika kazi hiyo. Ilibidi Namba Kumi na Saba ijaribiwe kwa mara ya mwisho. Walipanda trei arobaini zake upande mmoja, na upande wa pili trei arobaini za ile mbegu wanayopanda wakulima tangu zamani, ambayo huugua kila ikiguswa. Hiyo waliiita Bibi. Kila mche ulipewa vidukari kumi kutoka Kwa Wagonjwa. Wakaachwa wale siku tatu, kisha wakapuliziwa dawa wakafa, na watu wakakaa kusubiri wiki tano.

Wiki ya tano Bibi alikuwa njano tupu. Namba Kumi na Saba ilikuwa kijani hata ikaumiza macho. Majani yake yalipelekwa maabara, yakasagwa, yakapimwa, na hayakuonekana na virusi hata chembe. Majani ya Bibi hayakupimwa. Vifaa vya kupimia vilikuwa vichache, na Bibi alikuwa ameugua katika kila jaribio kwa miaka kumi na tano. "Mgonjwa anayejulikana hapimwi homa kila siku," alisema Daktari, na kila aliyekuwepo alicheka, na Mama Brashi naye alicheka.

Kituo kikawa kama nyumba yenye harusi. Mbegu za Namba Kumi na Saba zilikuwa zimekwisha zalishwa kwenye shamba la kituo, zikaanza kufungwa kwenye mifuko. Wakulima thelathini waliopigwa zaidi na ugonjwa waliandikwa ili wapewe wa kwanza, kabla ya mvua za kupandia. Sherehe ya kuzikabidhi ikapangiwa tarehe, na mkurugenzi akaamua kwamba siku hiyohiyo ndiyo ya kumuaga Mama Brashi, aliyekuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Halafu Daktari akamwambia jambo ambalo hakulitegemea: katika ripoti jina lake litakuwepo, la tatu kutoka juu. Kwa miaka thelathini na sita ripoti zilimalizika kwa kuwashukuru "wafanyakazi wote wa maabara". Alikuwa amezoea kuwa wote.

Katika wale wakulima thelathini alikuwemo mdogo wake wa mwisho. Hakumpendelea, maana shamba lenyewe lilijieleza. Misimu miwili mfululizo lilikuwa limepauka kutoka mpakani hadi mpakani. Mama Brashi alimlea mdogo wake huyo tangu akiwa na miaka saba, mama yao alipofariki, na mpaka leo, mtu mzima mwenye ndevu, akimwona dada yake alitoa mikono mifukoni.

Jumanne iliyofuata tangazo, Mama Brashi alikwenda kuzisafisha trei. Kazi ya kumaliza jaribio haina mwenyewe, kila mtu huwa na kikao, kwa hiyo aliifanya peke yake. Alianza na Bibi, akamng'oa mche mmoja amtupe kwenye pipa la kuchomea. Mkono ukasita.

Majani ya chini yalikuwa njano. Ya juu yalikuwa kijani.

Aling'oa mwingine. Wa tatu. Wa kumi. Umanjano wa virusi huanzia kwenye ncha na kingo, na hushika hata majani machanga ya juu, na mmea hubaki mfupi. Hawa walikuwa na urefu wao. Walikuwa wamekula majani yao ya chini ili kuyalisha ya juu, kama mzazi anavyofanya, na mmea haufanyi hivyo kwa ugonjwa. Hufanya hivyo kwa njaa.

Hapo Mama Brashi alikumbuka udongo. Alipoandaa trei, udongo mpya wenye mbolea haukutosha. Namba Kumi na Saba aliipa ule mpya. Bibi akampa uliobaki msimu uliopita, uliokwisha nyonywa ukabaki vumbi. Aliona haina haja ya kuharibu mbolea kwa mmea ambao utaugua tu. Hakuna aliyemwagiza. Ni ubanaji wa mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kugawana, na kwa miaka mingi watu walimsifia.

Jumatano alichukua majani ya Bibi akayasaga mwenyewe. Hakumwambia mtu. Alikusanya pia vidukari ishirini kutoka Kwa Wagonjwa, akawasaga nao. Kipimo hicho hufanywa kwenye kisahani chenye vishimo vingi vidogo, na penye virusi kishimo hugeuka manjano. Alhamisi asubuhi alikitazama kisahani dirishani. Kishimo kimoja kilikuwa manjano, kile alichoweka jani kavu la zamani lililojulikana kuwa na ugonjwa, ili kuhakikisha kipimo kinafanya kazi. Vilivyobaki vyote vilikuwa maji matupu.

Kwa Wagonjwa hapakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Haikumchukua muda kujua ni lini. Miezi minne nyuma feni kubwa ya nyumba ile iliharibika wakati wa joto kali. Mimea ilinyauka, vidukari wakaanza kufa mamia kwa mamia, na yeye akakesha nao siku tatu na brashi yake, akiwaokoa. Wakubwa hawakubebeka, walikuwa wamelegea. Watoto walibebeka. Aliwachukua wakizaliwa tu, akawaweka kwenye miche mipya mizima, upesi, kwa ustadi, jinsi mkono ulivyozoea tangu usichana. Alipaswa kuwaweka kwenye majani yenye ugonjwa. Akili ilijua, lakini mkono haukuuliza akili. Mazoea yana taabu, na ya mtu hodari ndiyo yana taabu zaidi, kwa kuwa hakuna anayemsimamia. Aliwaokoa wadudu, akaupoteza ugonjwa. Daftarini aliandika kwamba wamehamishwa salama, na kwa kuwa miche ya huko hubadilishwa kabla haijageuka njano, hakuna aliyegundua.

Basi vidukari waliopewa Namba Kumi na Saba walikuwa safi kama maji ya mvua. Ngano haikuugua kwa sababu hakuna kilichoiuguza. Na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu ng'ambo alikuwepo Bibi, ana njaa, njano, akionekana jinsi walivyotaka aonekane.

Mtu angedhani alikimbia ofisini kwa Daktari. Hakukimbia. Aliosha kisahani akakianika. Trei za Bibi alizibeba mbili mbili mpaka nyuma ya stoo, akazifunika turubai. Kisha alivaa koti jeupe akaingia Kwa Wazima, akafanya kazi mpaka saa ya kutoka.

Sababu za kunyamaza hazikosekani kamwe, huja zenyewe hata hujaziita. Alijiambia kwamba Namba Kumi na Saba huenda ni nzuri kweli, maana hakuna kipimo kilichosema ni mbaya. Alijiambia kwamba Daktari yuko na furaha na hakumwona hivyo tangu aje. Ijumaa alijiambia atasema Jumatatu. Jumatatu mkurugenzi alikuwa na wageni. Jumanne Daktari alimletea nakala ya ripoti, bado ina joto la mashine, akamwonyesha kwa kidole: la tatu kutoka juu. Mama Brashi aliisoma amesimama. Aliirudia.

"Naweza kwenda nayo nyumbani?" aliuliza.

"Ni ya kwako hiyo, mama. Kaitie kwenye fremu."

Mumewe alivaa miwani akaisoma kwa sauti, pamoja na maneno asiyoyaelewa, halafu akalirudia jina la mkewe peke yake. Hakufanya utani wowote. Alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza akishuka kwenye gari siku ya posa. Mama Brashi aliona raha, na hapa tusidanganyane, aliiona raha hiyo yote, akaila mpaka mwisho, huku akijua. Aibu ilikuja baadaye. Ilipokuja, ilimkuta amekwisha kunyamaza siku sita.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumapili. Mdogo wake alikuja mjini kutafuta kipuri cha jembe la trekta, akapita kwa dada yake mchana, akakuta chakula mezani. Alikula kwa haraka kama watu wa shamba wanavyokula, akizungumza na shemeji yake. Aliwaambia kwamba amekwisha lima ekari zote, udongo umelala laini, anangoja mvua na mifuko ya kituo.

"Na ile mbegu yako ya zamani?" aliuliza Mama Brashi. "Si uliweka akiba?"

"Ile? Nimesaga yote. Tunaila."

"Yote?"

"Dada, niiweke ya nini tena? Majirani wameniona wakaniuliza, je, hiyo mpya ikikataa? Nikawaambia haiwezi kukataa, aliyeipima ni dada yangu. Na wenyewe sasa wanataka niwagawie msimu ujao."

Mumewe alisema hapo ndipo faida ya wale mifugo imeonekana. Wanaume wawili wakacheka. Mama Brashi aliondoa sahani, zikiwamo ambazo bado zilikuwa na chakula, akaenda jikoni na kufungua bomba. Aliliacha likimwagika. Aliona ekari zote zile njano, msimu wa tatu, na mtoto aliyemfundisha kufunga viatu amesimama katikati yake, akitoa mikono mifukoni.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Daktari, bila koti lolote. Alisema kila kitu amesimama: udongo, joto, watoto wa vidukari, kisahani. Alisema kwa mpangilio, kama anayesoma daftari. Daktari alianza kwa kutabasamu, akidhani ni habari nyingine. Alipoelewa, alikaa.

"Umejua lini, mama?"

"Alhamisi."

"Alhamisi hii iliyopita?"

"Siyo hiyo. Ile ya kabla yake."

Daktari alihesabu kwa vidole, polepole, akafika kidole cha kumi na moja ambacho hana. Alisema, "Ni mimi niliyesema Bibi asipimwe," akafunika uso kwa viganja, na Mama Brashi akatamani atukanwe. Angetukanwa, angejua la kufanya. Baadaye Daktari alinawa, akainua simu, akamwita mkurugenzi.

Sherehe ilifutwa. Mifuko ilirudishwa ghalani, ikafungiwa. Wakulima thelathini walipigiwa simu waambiwe wasisubiri, na mdogo wake alipigiwa na dada yake mwenyewe, kabla ya wote. Alisikiliza, akauliza mara mbili kama ni kweli, kisha akasema afadhali kujua sasa, akaenda kuzunguka vijijini kutafuta mbegu yoyote ile ya kupanda. Alipata ya shayiri, ya kutosha nusu ya shamba.

Jaribio likarudiwa. Virusi vilihitajika vipya, na mahali vilipojaa palijulikana: mdogo wake alileta, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu, ngano chache za msimu uliopita zilizojiotea kando ya shamba lake, njano kuanzia kwenye ncha. Mama Brashi aliwachukua vidukari safi, akawapigia hodi, akawapeleka kula ugonjwa. Safari hii Bibi na Namba Kumi na Saba walipewa udongo mmoja, kutoka gunia moja, na kila jani lilipimwa. Kustaafu kulisogezwa mbele kwa barua.

Wiki ya tano hapakuhitajika kisahani, ingawa walikitumia. Namba Kumi na Saba iliugua kama Bibi. Iliwahi hata kumtangulia. Daktari alizunguka trei zote arobaini, akaandika, akafunga daftari, akasema miaka sita si mingi, kuna Namba Ishirini na Tatu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelia mahali pengine.

Mkurugenzi aliwaita wafanyakazi wote, akamsimamisha Mama Brashi mbele. Alisema kituo kimeokolewa na uaminifu wa mtu mmoja, kwamba angeweza kunyamaza astaafu kwa heshima zake, lakini hakunyamaza, na vijana waige. Watu walipiga makofi. Mama Brashi alimtazama Daktari, na Daktari alitazama dirishani. Ilikuwa wazi kwamba zile siku kumi na moja hazikwenda mbali zaidi ya meza ya Daktari. Alirudi kukaa kabla makofi hayajaisha.

Mdogo wake alikuja wiki hiyohiyo. Alisema anataka kuiona kwa macho ngano iliyomponza hata akasaga mbegu zake. Wakulima hawaruhusiwi kuingia nyumba za vioo, viatu vyao vina mashamba mazima, kwa hiyo walisimama nje, uchochoroni, wakachungulia.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Kama shamba langu la mwaka jana."

"Ni ugonjwa wa shambani kwako huo. Umeuleta mwenyewe kwenye mfuko."

Alicheka, akatikisa kichwa. Shayiri yake ilikuwa imeota vizuri, alisema, hata kama ni nusu ya shamba. Watoto wanamsalimu shangazi yao. "Huku nimesikia wanavyokusifu," aliendelea. "Mlinzi wa getini tu amenisimamisha, eti wewe ndiye ndugu wa yule mama? Nikamwambia ndiyo, huyo ndiye aliyenilea. Dada yangu hawezi kulala na uongo hata usiku mmoja."

Mama Brashi alikuwa na nafasi nzuri ya kukaa kimya, nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Ilimtosha kutazama trei.

"Nililala nao siku kumi na moja," alisema.

Mdogo wake aligeuka.

"Nilijua Alhamisi. Wewe ulikuja Jumapili ya pili yake. Muda wote huo nilijua. Walikuwa wameniandika kwenye ripoti, mdogo wangu, jina langu. Nikaona niache. Wewe ulipokuja ukasema umesaga mbegu, ndipo nikasema."

Mdogo wake alikuwa mtu wa kufikiri polepole na hakupenda kuharakishwa.

"Tulikuwa thelathini," alisema.

"Ndiyo."

"Wale wengine ishirini na tisa, kuna unayemfahamu?"

"Hapana. Simfahamu hata mmoja."

"Na mimi ningekuwa simo?"

Majibu mazuri yalikuwepo. Angesema hajui, na angeaminiwa. Angesema Mungu ndiye anayejua, na hilo halipingwi na mtu. Alimtazama mdogo wake usoni, kwa sababu alimfundisha hivyo yeye mwenyewe, kwamba mtu akikuuliza, mtazame.

"Ningekwenda kwenye sherehe," alisema. "Ningepiga picha."

Mdogo wake alirudi kuitazama ngano, mikono ikiwa mifukoni. Baadaye alisema basi linaondoka saa nane na hataki limwache. Siku hiyo hakupita nyumbani kula.